Ng'ombe Mmoja, Majibu Mawili

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo huko Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025, hereni ya sikioni imekuwa gumzo hata kwa wafugaji wa Tanga mjini wenye ng'ombe wawili watatu bandani. Wengi wameipokea kama cheti cha afya: ng'ombe ana hereni, kachanjwa, basi mzima. Sivyo. Chanjo ya kampeni ile kwa ng'ombe ni ya homa ya mapafu; mbuzi na kondoo wanachanjwa sotoka, na kuku wana chanjo zao. Ugonjwa wa kutupa mimba, ule ambao mabwana mifugo wanauita brusela, haumo. Lakini hereni imeleta jambo moja ambalo halijazungumzwa vya kutosha, nalo ndilo linalonifanya niandike. Sasa inawezekana kujua kwa hakika kwamba damu iliyopimwa mwezi huu na ile iliyopimwa nusu mwaka uliopita zimetoka kwa ng'ombe yule yule. Majibu yasipofanana, hakuna tena pa kujificha kwa kusema labda walichanganya ng'ombe.

Na majibu yasiyofanana si haba. Mfugaji anaambiwa ng'ombe wake ana brusela; anasononeka, anatafuta hela, anapimisha tena; safari hii anaambiwa ng'ombe safi. Hapo mtaa hugawanyika. Wapo wanaosema maabara wanabahatisha tu, na kwamba kipimo kinachobadili kauli hakifai hata kikiwa cha bure. Wapo wanaoyachukua majibu ya pili kama msamaha: yamefuta yale ya kwanza, maziwa yaendelee kwenda kituoni. Kambi zote mbili zimepotea njia moja, ya kudhani kwamba kupima damu mara mbili ni kuuliza swali lile lile mara mbili. Ninachosema mimi ni kwamba kurudia kipimo cha brusela kunaongeza uhakika pale tu ambapo kipimo cha pili hakina udhaifu ule ule wa cha kwanza, muda kati ya vipimo umechaguliwa kwa sababu inayoeleweka, na kanuni ya kusoma majibu imewekwa kabla damu haijatoka mshipani. Pasipo hayo, kupima mara nyingi kunaweza kumwacha mfugaji, jirani yake na mnywaji wa maziwa pabaya kuliko kupima mara moja.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu tabia zake ndizo zinazokisumbua kipimo. Kwa ng'ombe unaletwa na bakteria aitwaye Brucella abortus, aliyetambuliwa na Bernhard Bang wa Denmark mwaka 1897. Ndugu yake wa karibu alikwisha kutambuliwa mwaka 1887 na daktari wa jeshi David Bruce, aliyekuwa akichunguza homa iliyowaua askari wa Kiingereza kisiwani Malta, na ndiye aliyeuachia ugonjwa jina. Ng'ombe aliyeambukizwa hutupa mimba, aghalabu kuanzia mwezi wa tano na kuendelea. Wengi hutupa mara moja tu. Mimba zinazofuata huzaliwa salama, mwenye ng'ombe akadhani mambo yamekwisha, kumbe mnyama bado anamwaga bakteria kwenye maziwa na kila anapozaa. Kijusi, maji ya uzazi na kondo la nyuma ndivyo vyenye mzigo mkubwa kuliko vyote. Kwa binadamu unaleta homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo na uchovu usioisha, na katika mkoa wetu mtu mwenye dalili hizo atapewa dawa ya malaria kwanza, akirudi atapewa ya homa ya matumbo. Ng'ombe mwenye brusela hatibiwi. Kwa kawaida hubaki nayo maisha yake yote. Kwa hiyo jibu la maabara hapa lina uzito wa hukumu, na kama ni hukumu, ni haki ya mtu kuuliza imefikiwaje.

Ufugaji wa maziwa wa Tanga una sifa moja inayobadilisha hesabu nzima. Ulikuzwa tangu miaka ya 1980 kwa msaada wa Uholanzi kama ufugaji wa watu wadogo wadogo: ng'ombe chotara wachache, banda nyuma ya nyumba, majani ya tembo yanayokatwa na kuletwa, maziwa yanayopelekwa kwenye kituo cha chama cha msingi, vyama vilivyoungana katika TDCU, chama kikuu cha ushirika wa maziwa, na kiwanda cha Tanga Fresh kinachonunua. Ng'ombe anayekula bandani hakutani na makundi ya watu wengine malishoni wala mtoni. Watafiti waliolinganisha makundi ya mkoa huu na kuchapisha matokeo mwaka 2010 walikuta dalili za brusela ni chache zaidi kwa ng'ombe wa maziwa wa wafugaji wadogo kuliko kwa ng'ombe wanaochungwa kienyeji. Hii ni habari njema kwa mnywaji wa maziwa. Kwa kipimo ni habari ngumu, kwa sababu kadiri ugonjwa unavyokuwa adimu ndivyo jibu la "ana" linavyostahili kutiliwa shaka. Watu wengi huona jambo hili limekaa kinyume, hivyo afadhali tulipigie hesabu.

Tuchukue ng'ombe 1,000, na tuseme kwa mfano kwamba 20 kati yao, yaani asilimia 2, wana brusela kweli. Tuchukue pia kipimo kizuri tu, kinachonasa wagonjwa 90 katika kila 100 na kuwaacha salama wazima 98 katika kila 100. Katika wale 20, kipimo kitanasa 18. Katika wazima 980, kitawasingizia asilimia 2, ambao ni kama 20. Jumla ya walioambiwa wana ugonjwa ni 38, na zaidi ya nusu yao ni wazima. Sasa peleka kipimo hicho hicho, maabara ile ile, mtaalamu yule yule, kwenye kundi ambalo 100 kati ya 1,000 ni wagonjwa. Kitanasa 90 na kusingizia 18, na hapo jibu la "ana" litakuwa kweli mara tano katika sita. Dawa ya kupimia haijabadilika wala mkono haujabadilika. Kilichobadilika ni kundi. Ndiyo maana mfugaji wa Raskazone au Pongwe anayeambiwa ng'ombe wake mmoja ana brusela ana sababu halali ya kutaka uchunguzi zaidi, na bwana mifugo anayemwambia "ukipatikana umepatikana" hajamtendea haki. Hata zizi la ng'ombe 20 wazima kabisa, kwa kipimo hicho, lina uwezekano wa kama theluthi moja wa kutoa angalau jibu moja la kusingizia.

Basi turudie. Lakini turudie nini? Kipimo cha kwanza kinachotumika sana ni kile cha Rose Bengal. Tone la majimaji ya damu, mikrolita 30, huchanganywa juu ya kigae cheupe na kiasi hicho hicho cha dawa yenye bakteria wa brusela waliouawa na kutiwa rangi ya waridi. Kigae hutikiswa taratibu kwa dakika 4, kisha mtu anaangalia kwa macho kama mchanganyiko umeshikana punje punje. Hakuna mashine, na hilo ndilo lililokifanya kipendwe dunia nzima. Ukisoma kabla ya dakika 4 unaweza kumkosa mgonjwa. Ukichelewa, kingo zinakauka na ukavu unafanana na punje. Dawa iliyotoka kwenye jokofu sasa hivi haitendi sawa na iliyoachwa ipate joto la chumba. Damu iliyosafiri kwa pikipiki kutoka Mkinga mchana wa Februari bila barafu hufika imeharibika, nyekundu tupu, na chupa iliyoandikwa kwa kalamu ya wino hufika bila jina. Haya nayaita makosa ya mkono. Yanatokea leo, kesho hayatokei, na hayamfuati ng'ombe. Kwa makosa ya aina hii kurudia kipimo kile kile, kwa damu mpya iliyochukuliwa vizuri, ni dawa kamili. Katika ule mfano wetu, wale 20 waliosingiziwa wakirudiwa, na kama kusingiziwa kwao kulikuwa kwa bahati mbaya tupu, pengine hatabaki hata mmoja. Gharama yake ni kwamba katika wagonjwa 18 wa kweli wawili nao watapenya.

Yapo makosa mengine ambayo yamo ndani ya damu yenyewe. Kipimo hakimwoni bakteria. Kinaona kingamwili, askari ambao mwili umewatengeneza kupambana naye. Na bakteria wengine wamevaa koti linalofanana na la brusela. Maarufu ni Yersinia enterocolitica wa kundi la O:9, anayekaa matumboni na hana habari na kutupa mimba. Ng'ombe aliyepambana na Yersinia ana askari ambao Rose Bengal itawatambua kama wa brusela leo, na wiki ijayo itawatambua vile vile, na ukimpeleka maabara ya tatu yenye dawa ile ile atakutwa nao. Vivyo hivyo ng'ombe aliyechanjwa chanjo ya zamani ya S19 akiwa amekwisha kukua: askari wa chanjo wanaweza kudumu miaka, na hakuna urudiaji wa kipimo hicho utakaowatofautisha na wa ugonjwa. Majibu matatu yanayofanana hapa ni ushahidi mmoja uliohesabiwa mara tatu. Watanzania kanuni hii tunaijua, ila hatujaileta zizini. Mtu anayepimwa virusi vya ukimwi, kipimo cha kwanza kikionyesha maambukizi, hapimwi tena kwa kipimo kile kile. Anapimwa kwa kingine cha aina tofauti, ili udhaifu wa kimoja usiwe udhaifu wa kingine. Kwa brusela vipo vipimo vya pili vya namna hiyo, kama kile cha komplementi na zile ELISA za ushindani, ambavyo ni vipimo vya maabara vinavyowatafuta askari hao kwa njia nyingine; hizi ELISA husaidia kiasi kumtenganisha aliyechanjwa. Navyo havijatakasika: Yersinia huweza kuvisumbua pia, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linasema wazi kwamba hakuna kipimo kimoja cha damu kinachofaa kwa kila hali. Lakini jibu la "ana" lililotoka kwa vipimo viwili vya tabia tofauti lina uzito ambao Rose Bengal tatu mfululizo hazina.

Makosa ya tatu ni ya wakati, na kwangu haya ndiyo mabaya kuliko yote kwa Tanga, kwa kuwa yanamgusa mnunuzi wa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa. Kati ya siku ng'ombe anapoambukizwa na siku askari wanapoonekana kwenye damu huweza kupita wiki chache au miezi. Ng'ombe anayekaribia kuzaa, na aliyezaa karibuni, huweza kuonekana hana kitu kwa sababu kingamwili nyingi zimehamia kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Ndama anayenyonya dang'a hiyo naye huweza kuonekana mgonjwa miezi kadhaa kumbe ni askari wa kuazima. Ng'ombe anayetupa mimba leo anaweza kupimwa leo akaonekana safi, na wiki tatu baadaye damu ikasema kweli. Juu ya hayo yote yupo mtamba wa mama mgonjwa. Sehemu ndogo ya ndama wa kike wa namna hii hubeba bakteria kimya kimya tangu tumboni. Kila kipimo cha damu kinasema safi, mwaka wa kwanza safi, wa pili safi, mpaka ashike mimba na kuitupa, au azae, ndipo damu inageuka. Sasa fikiria mipango yetu ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambayo imewasaidia watu wengi kweli kweli. Kinacholipwa ni nini? Ni mtamba wa kwanza, anayekwenda kwa jirani wa pili akiwa na cheti cha kupimwa, katika umri ule ule ambao cheti hicho kina maana ndogo kuliko umri mwingine wowote. Mpango haujakosea kumpima. Umekosea kudhani kipimo kimekwisha.

Hapo utaona kwamba swali la "majibu ya pili yamebadilika, je, nani mwongo?" linaweza lisiwe na mwongo. Majibu ya kwanza yanaweza kuwa yalikuwa kweli kwa damu ya siku ile. Kilichobaki ni kujua ng'ombe alizaa lini, alichanjwa lini, kilitumika kipimo gani, na ng'ombe wenzake bandani walisemaje. Ajabu ni kwamba mambo hayo manne hayaandikwi kwenye karatasi nyingi nilizowahi kuonyeshwa. Zina jibu, tarehe na muhuri.

Sasa tuwape wenye hoja zao nafasi. Mfugaji anasema kupima ni gharama, na jibu baya likitoka hakuna anayemlipa; kwa nini asitafute jibu la pili, na la tatu? Namwelewa, na hesabu ya hapo juu imempa haki nusu. Lakini angalia kinachotokea mtu anapopima mpaka apate jibu analolitaka. Kwa kipimo chetu cha mfano kinachokosa mgonjwa mmoja katika kumi, ng'ombe mgonjwa kweli akipimwa mara tatu ana uwezekano wa zaidi ya robo wa kupata angalau jibu moja la "hana". Jibu hilo moja ndilo litakalobandikwa ukutani na kuonyeshwa kwa mnunuzi. Mengine mawili yatapotea. Hapo kila shilingi iliyoongezwa imenunua giza. Tiba yake si kumkataza mfugaji kurudia, ni kumtaka aseme mapema: nikipata "ana" kwa Rose Bengal, nitapeleka damu kwa kipimo gani cha pili, baada ya muda gani, na nitakubali jibu lipi.

Upande wa pili wapo wataalamu, tena wazoefu, wanaosema tusijitie mashakani: "ana" moja, ng'ombe aende machinjioni, afadhali kupoteza wazima wachache kuliko kuacha mgonjwa mmoja. Hoja hii ina nguvu pale ambapo brusela ni nyingi na fidia ipo. Australia ilitangaza kuumaliza ugonjwa mwaka 1989, Ireland Kaskazini ikapata hadhi hiyo mwaka 2015, na kote huko walipima, wakarudia, wakaondoa. Ila waliondoa kwa fedha za umma, wakiwa na utambulisho wa kila ng'ombe na zuio la kumhamisha. Ukiileta kanuni ile bila vitu hivyo, katika kundi ambalo nusu ya walionaswa ni wazima, utakuwa unamwambia mjane mwenye ng'ombe mmoja wa lita 10 kwa siku amchinje kwa jibu linalolingana na kurusha shilingi hewani. Hatakubali. Atafanya kile watu wote wenye akili timamu hufanya wakibanwa: atamuuza kimya kimya mnadani, au kwa jamaa wa Handeni asiye na habari, na ugonjwa, kama ulikuwepo, utakuwa umepata usafiri. Kipimo kisicho na njia ya kutokea kinaweza kuwa kisambazaji. Na hata machinjioni si mwisho wa njia: utafiti wa makundi ya kazi uliofanyika Tanga na kuchapishwa mwaka 2009 uliwaonyesha wafanyakazi wa machinjio wakikutwa na kingamwili za brusela mara nyingi kuliko wengine.

Wengine wanasema tuachane na damu, tuchanje. Hoja hii ni nzuri kuliko inavyopewa sifa. Chanjo ya S19 kwa ndama wa kike wa miezi 3 hadi 8, au ile ya RB51 ambayo imetengenezwa ikiwa haina lile koti linaloonwa na Rose Bengal na hivyo haikichanganyi kipimo, zimepunguza kutupa mimba katika nchi nyingi. Lakini chanjo haimtoi aliyekwisha kuambukizwa, na RB51 huweza kumwambukiza binadamu aliyejichoma sindano, tena ikiwa haionekani kwa kipimo cha kawaida na haisikii rifampisini, moja ya dawa zinazotegemewa kutibu brusela. Chanjo na kipimo vinakwenda pamoja, na rekodi ya chanjo lazima ifungwe kwenye namba ya hereni, la sivyo miaka mitatu baadaye tutakuwa tunawahukumu ng'ombe kwa kosa la kuchanjwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi barazani: ng'ombe wangu ananenepa, anakamuliwa vizuri, na maziwa tunachemsha, brusela inanihusu nini? Kunenepa hakusemi chochote. Ng'ombe mwenye brusela huweza kula na kukamuliwa kama wenzake. Kuhusu kuchemsha ni kweli tupu: joto la kiwandani la nyuzi 72 kwa sekunde 15 linamaliza bakteria huyu, na sufuria inayotokota nyumbani inammaliza zaidi. Anayekunywa mtindi wa kiwandani hana la kuhofu. Lakini maziwa mengi yanayogandishwa nyumbani hugandishwa mabichi, na ukali wa mgando haumuui bakteria mara moja. Tena maziwa ni nusu ya habari. Nimeona karibu na Pongwe mama wa nyumba akimsaidia ng'ombe kuzaa, akalivuta kondo kwa mikono mitupu na kulitupa kwa mbwa, huku maziwa ya jioni yakichemka vizuri jikoni. Sufuria ile haikumlinda na lolote. Glavu na shimo la kufukia kondo vingemlinda, na hivyo havisubiri majibu ya maabara yoyote.

Kama kurudia kuna masharti, nani ayatimize? Mfugaji mmoja mwenye ng'ombe wawili hawezi, na sababu yake ni ya kihesabu kabla ya kuwa ya kifedha. Nchi zilizoumaliza ugonjwa zilisoma majibu kwa kundi zima. Ng'ombe mmoja mwenye "ana" katika zizi la 80 ambapo wengine wote ni safi, na hakuna aliyetupa mimba, huenda kasingiziwa. Wanne wenye "ana" na mimba mbili zilizotupwa ni ugonjwa, hata kama kila mmoja kwa nafsi yake ana mashaka. Mfugaji wetu hana kundi la kulinganishia. Lakini chama cha msingi kinalo. Watu wanaokodi dume moja, wanaouziana mitamba, wanaopeleka maziwa kituo kimoja, ng'ombe wao ni kundi moja lililotawanyika mabandani, na hivyo ndivyo damu yao inavyopaswa kupimwa: wote kwa wiki moja, kisha wote tena baada ya kati ya miezi 6 na 12, kipindi ambacho kanuni za kimataifa hutaka kitenganishe vipimo viwili safi kabla kundi halijaitwa huru. Katikati ya hapo kituo kinaweza kutumia kipimo cha pete ya maziwa, kilichojulikana tangu mwaka 1937, ambacho ni rahisi na hakihitaji sindano. Hakifai kumhukumu ng'ombe mmoja, maana dang'a na ugonjwa wa kiwele hukichanganya, na kwenye tangi kubwa mgonjwa mmoja anazama kwenye maziwa ya wazima. Lakini kikichukuliwa kwa ndoo za wanachama wachache wachache, kila miezi michache, kinaonyesha upande wa kuangalia kwa damu. Mkoa una bahati: Wakala wa Maabara ya Veterinari, ulioanzishwa mwaka 2012, una kituo hapa hapa Tanga. Umbali wa maabara sio unaotukwamisha.

Kinachokwamisha ni fedha ya kuondoa ng'ombe aliyethibitishwa, na hapa sioni njia ya mkato. Hereni imelipiwa, chanjo imechangiwa, lakini ng'ombe wa kuondolewa hajatengewa fungu ambalo mfugaji wa Tanga anaweza kuligusa. Vyama vinaweza kuanza kwa makato madogo kwenye kila lita, yanayowekwa kwa ajili ya ng'ombe atakayethibitishwa kwa vipimo viwili tofauti na si kwa kimoja. Watu wataogopa udanganyifu, na wana haki. Kuwa na vipimo viwili, hereni moja na kundi zima kupimwa siku moja hupunguza mwanya huo. Pasipo makato hayo napendelea kusema wazi kwamba kupima ng'ombe wengi ni kukusanya majina ya watu tusioweza kuwasaidia, na watu hao watajua hivyo kabla yetu.

Wakati fungu linatafutwa, karatasi inaweza kubadilika bila shilingi nyingi. Iandike namba ya hereni, jina la kipimo, tarehe ya kuzaa au kutupa mimba ya mwisho, chanjo ya brusela kama ilitolewa, na ng'ombe wangapi wa banda hilo walipimwa siku hiyo na majibu yao. Iandike pia majibu yote ya nyuma ya hereni hiyo, mabaya na mazuri, ili lile moja zuri lisitangulie peke yake kwa mnunuzi. Na kwa mtamba ambaye hajazaa, awe wa kuuzwa au wa kulipa deni la kopa ng'ombe, cheti kiseme kwamba hakijakamilika: atatengwa siku 30 akifika, atapimwa mwanzo na mwisho wa siku hizo, na damu itachukuliwa tena wiki tatu baada ya kuzaa, kwa gharama ya aliyemtoa.